Karama wa Kusadikika na Isike wa Unyanyembe

Kusadikika, riwaya fupi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, ni miongoni mwa kazi za mwanzo za Kiswahili zinazoweza kuitwa za distopia, yaani hadithi zinazobuni nchi ambamo maovu ya utawala yamekithiri hata yakawa ndiyo desturi ya kila siku. Shujaa wake, Karama, anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria katika nchi ambayo wakubwa wake hawavumilii fikra mpya, na Waziri Majivuno ndiye anayesimama kumshtaki. Karama hana askari wala ngome. Alicho nacho ni ulimi, naye anautumia kusimulia mbele ya mfalme habari za wajumbe sita waliotumwa ugenini kutafuta mambo ya kuwafaa watu wao, wakarudi nayo na malipo yao yakawa gereza. Mwishowe anasikilizwa, anaachiliwa, na wajumbe wale wanafunguliwa.

Katika masimulizi ya Tabora yupo shujaa mwingine aliyekataa kuinama, naye ni Isike, mtemi wa Unyanyembe, ambaye mwisho wake haukuwa wa kuachiliwa. Ni rahisi kuwapima wawili hawa kwa mizani moja na kusema kwamba mmoja alishinda kwa hekima na mwenzake akaangamia kwa ukaidi, lakini hukumu hiyo inamwonea Isike, kwa kuwa haiulizi kila mmoja wao alisimama mbele ya nani.

Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi uliposimama mji wa Tabora, ilikuwa njiapanda ya misafara ya karne ya 19. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, tawi moja likielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na pembe za ndovu, nguo, shanga, bunduki na watu waliotiwa utumwani vilipita humo, sehemu kubwa ya mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Mtemi, yaani mtawala aliyeshika pamoja mamlaka ya nchi na ya matambiko, alidai hongo, nayo haikuwa rushwa kama neno hilo linavyoeleweka leo, bali ushuru wa njia ambao kiasi chake kilijadiliwa kwa siku nyingi kati ya watu wa mtemi na viongozi wa msafara. Utawala wa barabara hiyo, kwa hiyo, ulikuwa kwa sehemu kubwa utawala wa mazungumzo, na watemi walikuwa mabingwa wake muda mrefu kabla ya Karama kubuniwa.

Mazungumzo hayo yalikuwa na mpaka. Mnywa Sele, aliyerithi utemi baada ya kifo cha Fundikira wa Kwanza, alipotoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, walimwondoa na kumsimika Mkasiwa mahali pake, na Mnywa Sele akapigana nao kando ya njia hadi alipouawa mwaka 1865. Isike, aliyemrithi Mkasiwa katika miaka ya 1870, alitawala akijua vyema kwamba mtemi aliyewahi kuwatoza wageni alikwisha kung'olewa.

Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Tabora kwa niaba ya Wajerumani, akapatana na Waarabu na bendera ya Ujerumani ikapandishwa. Kwa Isike, mapatano hayo yalimaanisha kwamba mamlaka juu ya nchi yake yamejadiliwa na watu wengine. Aliwazuia Wajerumani kwa ngome ya kwikuru, yaani makao ya mtemi, ambayo kuta zake zilistahimili mashambulizi ya mwaka 1892. Mnamo Januari 1893, askari wa Wajerumani walioongozwa na Tom von Prince walipoivunja, Isike aliwasha baruti katika ghala lake ili asitekwe akiwa hai.

Hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo. Utawala wa Kusadikika ni wa kikatili, lakini una baraza, na baraza hilo, kwa dhuluma zake zote, linamwacha mshtakiwa aseme mpaka amalize, huku mfalme akiwa na masikio. Shaaban Robert aliandika akiwa karani katika serikali ya Waingereza, serikali iliyowanyima Waafrika mengi huku ikijinadi kuwa inafuata sheria, na katika mazingira hayo mtu aliweza kuota kwamba hoja ikipangwa vizuri itafungua gereza. Isike hakuitwa mbele ya baraza lolote, aliletewa mzinga.

Njia ya Karama ilipata nafasi yake Tabora miaka 65 baadaye. Mnamo Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikutana mjini humo kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walitaka kuususia, na hasira yao ilikuwa ya haki, lakini Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huo huo, aliwashawishi washiriki. Uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Ushindi huo wa hoja haufuti heshima ya Isike, kwa sababu waliozungumza mwaka 1958 walikuwa na sanduku la kura mbele yao, jambo ambalo hakuna mtemi wa karne ya 19 aliyewahi kupewa.

Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe wa ukoo ule ule wa watawala aliotoka Isike, alikuwa waziri wa sheria katika miaka ya mwanzo ya uhuru, akiishika kazi ya sheria ambayo huko Kusadikika ilimfikisha Karama kizimbani. Mwaka 1963 alijiuzulu uwaziri, na mwaka huo huo mamlaka ya machifu wa Tanganyika, utemi wa Unyanyembe ukiwemo, yalifutwa kwa sheria.