Shati Lenye Pasipoti

Kuna watu kambini wanaona aibu kusema nguo zao zimetoka Owino. Mimi simo, na sababu yangu ni ya kihistoria.

Kabla ya pamba, Waganda walivaa lubugo. Ni gome la mti wa mutuba: linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kupanuka, likianikwa linakuwa na rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi. Unafungwa majani ya migomba, gome linaota tena. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alifika kwa Kabaka Suuna II. Nyuma yake misafara ya pwani ikaleta kaniki na merikani, na jina merikani lenyewe linataja kitambaa kilikotoka. Polepole lubugo ikabaki ya misiba na sherehe za kifalme. Basi nguo ya kutoka mbali haikuanza na Owino, soko lililofunguliwa 1971 na ambalo kwenye karatasi linaitwa St. Balikuddembe. Wenyeji wanaita nguo zake mivumba. Wanyarwanda wanasema caguwa, yaani chagua, Kiswahili chetu hichohicho.

Aliyeuliza waziwazi nani anaamua kipi kizuri ni Okot p'Bitek. Song of Lawino, aliyoitunga kwanza kwa Kiacholi, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Lawino ni mke aliyedharauliwa; mumewe Ocol anamtaka Clementine, mwenye poda na rangi ya mdomo. Lawino anajibu kwa kutaja uzuri wa kwao, ngoma, nywele, miili, vitu ambavyo mumewe amefundishwa asivione. Okot mwenyewe aliondolewa kwenye uongozi wa kituo cha taifa cha utamaduni Kampala, akaishi miaka mingi Kenya. Naye alikuwa uhamishoni, hata kama hakupanga foleni ya posho. Alirudi, akafia Kampala mwaka 1982. Sikubaliani na Lawino kwa kila kitu: anataka kila mtu abaki na mila za kwao, na sisi wengine mila zetu zimechanganyikia njiani.

Wachoraji na wabunifu wamejibu kwa mikono. Sanaa Gateja (ndiyo, jina lake ni Sanaa) anasokota shanga za karatasi zilizotumika na kuzishona juu ya lubugo. Bobby Kolade, aliyezaliwa Sudan akakulia Kampala, mwaka 2022 alianza mkusanyo wa Return to Sender, yaani mrudishie aliyetuma. Ananunua mivumba Owino, anaikata, anaiunga upya, anaiuza kulekule ilikotoka. Kila nguo ina pasipoti inayoeleza asili yake. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu: shati limepata pasipoti, na mimi ninayelivaa bado nafuatilia karatasi.

Lakini kazi hiyo Owino ni ya zamani. Pembeni ya vibanda mafundi wamekaa na cherehani, wanabana kiuno, wanageuza suruali kuwa kaptula, mteja amesimama anasubiri. Majina yao hayashonwi popote. Aliyenipunguzia koti mwaka jana alijifunzia ushonaji Bukavu. Nilimwuliza kama angependa jina lake liwe ndani ya kola. Akacheka, akasema nimlipe kwanza.