Majina Mawili ya Mbuyu

Tangu utoto wetu tumeambiwa ya kuwa mbuyu ulianza kama mchicha. Leo twataka kusimulia habari, si za kukua kwa mti huu, bali za jina lake. Jina letu tumelirithi kwa wazee. Jina la pili, Adansonia digitata, limo katika vitabu vya elimu ya mimea. Mwanafunzi akiliona humo aweza kuuliza, “Je, tuache letu, tulishike hili?” Kabla ya kumjibu, yafaa tujue jina hilo lilitoka wapi.

Mwaka 1749 kijana mmoja Mfaransa, Michel Adanson, alifika Senegali, katika Afrika ya Magharibi, akakaa huko miaka kadhaa akichunguza mimea na wanyama. Aliistaajabia sana mibuyu. Katika visiwa vidogo karibu na pwani aliona mibuyu iliyochorwa majina ya mabaharia wa Ulaya waliopita zamani. Aliporudi kwao aliandika habari za safari yake, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1757.

Siku zile Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alikuwa akitengeneza majina ya mimea. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuitwa kwa msururu wa maneno ya Kilatini, mrefu kama sentensi nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliupa kila mmea maneno mawili tu: la kwanza la ukoo, la pili la aina yake katika ukoo huo. Mbuyu nao ukaitwa Adansonia, kwa kumheshimu Adanson. Digitata maana yake “wenye vidole”, kwa kuwa vijani vyake hukutana kwenye kikonyo kimoja kama vidole vya mkono. Tena, kama sisi tusemavyo mti mkubwa na kitu kikubwa, Kilatini nacho kina upatanisho: neno la pili limeishia kwa -a ili lifuatane na la kwanza.

Ajabu ni kwamba Adanson mwenyewe hakuipokea heshima hiyo. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1763 aliendelea kuuita mti huo baobab, jina ambalo watu walikwisha kulizoea. Jina hilo lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1592 na mganga wa Italia, Prospero Alpini, katika kitabu chake cha mimea ya Misri. Wengi husema kwamba asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni “baba wa mbegu nyingi”. Aliyewahi kupasua buyu hataona shida kuisadiki maana hiyo. Lakini wataalamu walilishika jina la Linnaeus, na ndilo linalotumika hata leo.

Basi jina hilo lina faida gani? Mibuyu si ya namna moja tu. Kisiwa cha Madagaska kina aina sita zisizoota kwa asili mahali pengine, na Australia ina aina yake, Adansonia gregorii. Mtu akiandika “mbuyu” tu, msomaji wa mbali hajui ni upi. Akiandika Adansonia digitata, msomaji wa India na wa Brazili wote wawili wajua kuwa ni huu wetu. Na katika dawa jambo hili ni kubwa zaidi, kwa maana jina moja laweza kuwa la mmea huu kijijini kwetu, na la mmea mwingine kijiji cha pili. Mtu akisikia sifa za dawa kwa jina tu, akachuma mmea usio wenyewe, aweza kujidhuru.

Hata hivyo jina la kigeni halijui yote. Twasema mbuyu, nao ni mti. Buyu, nalo ni tunda lake, na ganda lake gumu lililotumiwa kutekea maji. Ubuyu, nao ni chakula kikali kilichomo ndani. Shina moja la neno latuonyesha mti, chombo na chakula. Adansonia latuambia habari za Mfaransa mmoja, na digitata latuambia habari za majani. Matumizi hayamo.

Kwa hiyo twamjibu mwanafunzi wetu: usiache lolote katika hayo mawili. La kitabuni litakupeleka kwa wataalamu wa dunia. La nyumbani litakupeleka kwa bibi yako, ambaye ayajua yasiyoandikwa. Lakini kitabu chaweza kungoja miaka mia, na bibi hawezi. Basi mwulize leo majina ya miti iliyo karibu nanyi na kazi zake, uyaandike daftarini. Jina la Kilatini waweza kuliongeza baadaye.