Pikipiki za theluji: Kwa nini injini ya turbo hukosa pumzi kwenye theluji laini?

Katika milima ya Rocky, upande wa Marekani na wa Kanada, pikipiki ya theluji huwafikisha watu kwenye mabonde yasiyo na barabara. Haina magurudumu: mbele ina ski mbili, na chini ina mkanda mpana wa mpira wenye meno unaoisukuma. Ikizimika huko juu jioni inapoingia, hakuna gari la kuja kuivuta. Ikizimika katikati ya mteremko, dereva anabaki mahali ambapo maporomoko ya theluji huua watu kila mwaka. Chanzo kinaweza kuwa kidogo tu: tundu la hewa limeziba.

Kwa nini turbo?

Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Kwenye kimo cha mita 3,000, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa pwani, na injini ya kawaida hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Turbo hufidia pengo hilo. Moshi wa ekzosi huzungusha gurudumu dogo la mapanga, nalo huzungusha jingine linaloisukuma hewa ndani ya injini, kwa kasi inayoweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika.

Kwa miaka mingi mafundi walifunga turbo wenyewe. Ski-Doo ya Kanada ilileta injini ya mipigo miwili yenye turbo ya kiwandani kwa msimu wa 2020, na Polaris ya Marekani ikafuata katika modeli za 2022.

Theluji inavyoziba njia

Theluji mpya ya milima hiyo ni kavu na nyepesi kama unga. Pikipiki ikizama humo, unga huo hurukia matundu ya hewa na kunasa kwenye wavu. Joto la injini huuyeyusha, kisha baridi huugandisha kuwa barafu. Turbo inavuta lakini hewa haiji. Dereva husikia mlio ukibadilika na nguvu zikishuka. Kama kuna mwanya chini ya boneti, injini huvuta hewa ya moto ya humo, na hewa ya moto huzidisha hatari ya kuunguza pistoni.

Kinachosaidia

Wengi hufikiri dawa ni kuondoa wavu. Hilo ni kosa: theluji huingia ndani, na kipande cha barafu kikigonga mapanga yanayozunguka kwa kasi ile, turbo huharibika.

Njia bora ni kuongeza eneo la matundu. Eneo likiwa mara mbili, hewa ileile hupita kwa nusu ya kasi, hivyo haina nguvu ya kubeba theluji nyingi. Matundu yakae juu, karibu na usukani, na yawe zaidi ya upande mmoja, ili pikipiki ikilala ubavu, upande mwingine uendelee kupumua. Wavu uwe wa kitambaa kisichoshika maji, na viungo vyote vya njia ya hewa vizibwe vizuri.

Anayebadilisha kisanduku cha hewa ahakikishe pia kompyuta ya injini imerekebishwa ili mafuta yalingane na hewa.

Mengine ni mazoea. Tunashauri kubeba brashi ndogo na kufuta wavu kila mnaposimama. Pikipiki ikikwama, zima injini, ondoa theluji kwenye matundu, ndipo uwashe tena. Usimwagie maji ya moto, kwani yataganda. Ukirudi, kausha wavu ndani ya nyumba. Ukilala na unyevu nje, asubuhi utakuta barafu.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta nguvu zaidi, hakikisha njia ya hewa ni safi, kavu na baridi. Na kifaa cha kutafutana chini ya theluji kiwe mwilini, si kwenye begi la pikipiki.