Mzigo wa Moshono: Safari ya Mgongo Chini ya Mlima Meru

Kutoka Moshono hadi Boma la Arusha ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Unaelekea magharibi, Mlima Meru ukiwa upande wako wa kulia, unashuka hadi Kijenge, kisha unaingia mjini. Leo ni njia ya daladala na bodaboda. Zamani ilikuwa njia ya nyayo, na kila kilichopita hapa kilipita juu ya punda au juu ya mwili wa binadamu. Nimeifuata tena nikiwa na swali moja: mgongo wa watu wa hapa umebeba nini, na ni nani amekuwa akiutunza?

Swali hili lina sababu. Siku hizi familia za mijini zinasikia habari za kairopraktiki, taaluma ya kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono. Zinaambiwa kwamba baba, mama, bibi na watoto wote wanafaa kupelekwa, wawe wanaumwa au hawaumwi, kwa ajili ya afya ya jumla. Sikatai wala sikubali kwa haraka. Mgongo una historia, na anayetaka kuutibu aijue kwanza.

Tuanze na misafara. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pembe za ndovu walipanda kutoka Pangani hadi Kilimanjaro, wakapita chini ya Meru kuingia nchi ya Wamaasai. Aliyejulikana sana kati yao ni Jumbe Kimemeta wa Pangani, mtu aliyesafiri na Mskoti Joseph Thomson mwaka 1883, kisha na Mhungaria Samuel Teleki mwaka 1887. Msafara wa Teleki ulifika Meru mwaka huohuo. Vitabu vimewasifu viongozi wa misafara hiyo, lakini waliotembea kweli chini ya uzito ni wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na juu yake aliongeza mkeka wake, chakula chake na sufuria. Alitembea hivyo kwa miezi. Waswahili tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na historia ya misafara imeandikwa na watu waliouona mzigo wa mpagazi kuwa usufi.

Kisha wakaja Wajerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Wameru, mashariki ya Moshono. Kapteni Johannes alitoka Moshi na kikosi chake akalipiza kisasi kwa Waarusha na Wameru: mifugo ikatwaliwa, migomba ikakatwa, watu wakauawa. Utawala ulipoimarika, Boma la Arusha likajengwa kati ya 1899 na 1900, kwa kazi ya kulazimishwa ya wenyeji walewale walioshindwa vitani. Leo Boma ni Makumbusho ya Historia ya Asili, na watoto wa shule huja kutazama mafuvu ya kale na ndege waliokaushwa. Mimi nilisimama nikatazama kuta. Kila jiwe lililomo lilichukuliwa na mtu ambaye hakuulizwa kama anaweza. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya afya ya mgongo katika mji huu, na inafaa isomwe na kila anayepita pale mlangoni.

Mwaka mmoja kabla ya mauaji ya Akeri, mbali sana na hapa, jambo jingine lilitokea. Septemba 18, 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, D.D. Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akitibu watu kwa mikono, kwa njia iliyoitwa uponyaji wa sumaku, aligusa mgongo wa mfanya usafi mweusi aitwaye Harvey Lillard. Lillard alikuwa hasikii vizuri kwa miaka 17. Palmer alidai kwamba alisukuma pingili moja iliyohama, na usikivu ukarudi. Kutoka siku hiyo alijenga fundisho zima: kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizokaa vibaya na kubana neva. Mwaka 1897 alifungua chuo. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni. Baadaye mwanawe, B.J. Palmer, aliitangaza taaluma hiyo kwa nguvu hadi ikaenea ulimwenguni. Katika Afrika ilitia mizizi zaidi Afrika Kusini, ambako hadi leo vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg vinafundisha.

Ni lazima tuseme wazi: fundisho la Palmer kwamba karibu magonjwa yote yamo katika uti wa mgongo halikuthibitika. Neva ya usikivu haipiti mgongoni. Lakini mikono yake ilikuwa imegusa jambo la kweli, kwamba mgongo wenye maumivu huweza kupata nafuu kwa kushikwa, kusukumwa na kunyooshwa na mtu anayejua. Jambo hilo wazee wa Meru hawakungoja kulisikia kutoka Davenport.

Katika nyumba nyingi za Moshono bado yupo mama au bibi anayekanda. Nilimkuta mmoja nyuma ya nyumba yake, chini ya migomba. Nilipomwamkia, "Shikamoo, koko," yaani bibi, aliitikia marahaba na kunikaribisha kigoda. Aliniambia hakufundishwa shuleni. Alikuwa akimshikia mama yake mafuta, akaona. Mama aliyetoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto. Aliyeteguka kifundo huchuliwa kwa mafuta taratibu. Aliyerudi shambani akiwa na kiuno kilichokaza hulala kifudifudi na kukandwa. Nilipouliza ni nani asiyemgusa, alijibu bila kusita: "Aliyeanguka kutoka juu simgusi. Wala mtu anayekonda huku mgongo unatoka kibyongo. Huyo aende hospitali." Nimesoma miongozo mingi ya kitabibu, na hiyo sentensi ya koko ina thamani ya kurasa kadhaa, kwa sababu kibyongo kinachokuja pamoja na kukonda mara nyingi ni kifua kikuu cha mifupa, na pingili iliyoliwa na kifua kikuu ikisukumwa yaweza kumpoozesha mtu.

Hospitali zilikuja kwa njia ya misheni. Walutheri wa Leipzig waliweka kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na Nkoaranga ina hospitali hadi leo. Baada ya Uhuru, Kanda ya Kaskazini ilipata hospitali kubwa ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapohapo Moshi, mwaka 1981, kikaanzishwa chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza mwili, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1996 taifa likaanzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Fiziotherapia, ambayo wengi wanaijua kwa jina la "mazoezi ya hospitali," ikawa sehemu ya tiba ya kawaida. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo ikaweka utaratibu kwa wanaotibu nje ya hospitali.

Lakini njia niliyoifuata haiishii Boma. Ili kuuelewa mgongo wa familia ya hapa inabidi kurudi nyuma, kupita Moshono, kwenda mashariki hadi Maji ya Chai. Mto wa hapo una rangi iliyowapa watu jina lake, na ndani yake mna kitu kisichoonekana kwa macho: floridi, inayotoka katika miamba ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu maeneo mengi ya nchi yasingefikia kiwango cha dunia. Kuzunguka Meru vipo vyanzo vilivyozidi hata hapo. Floridi ikizidi kwa muda mrefu, meno ya mtoto huwa ya kahawia, miguu hupinda, na kwa mtu mzima kano za mgongo hukakamaa hadi kuinama kunakuwa kazi.

Jikoni kuna mlango mwingine wa floridi: magadi. Tunayatia katika maharage na makande ili yaive upesi na yalainike. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa nchi waliyataja magadi kuwa chanzo kingine cha floridi kwa watoto, mbali na maji. Mama anayetafuta kupunguza kuni na muda haumizi watoto wake kwa makusudi. Anahitaji kuambiwa tu, na kuambiwa mapema, kwamba kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi ileile.

Dawa ya floridi haikutoka ng'ambo peke yake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya wizara inayosimamia maji, kimehangaika kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwa moto uliodhibitiwa, husagwa, na maji yakipita humo huacha floridi nyuma. Mhadhiri wa Chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru, Dakta Askwar Hilonga, mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la maji. Serikali nayo ilikopa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa mradi wa maji wa Arusha wa takriban shilingi bilioni 520. Mimi nayahesabu haya yote kuwa tiba ya mgongo, tena tiba kubwa kuliko zote, kwa kuwa hakuna mkono wa mtaalamu yeyote, wa kairopraktiki au wa koko, unaoweza kuunyoosha uti uliokakamaa kwa floridi.

Moshono yenyewe ina kumbukumbu nyingine. Aprili 1, 2013, kifusi cha machimbo ya moramu kiliporomoka na kuua watu 13. Mji ulikuwa unajengwa, barabara zinahitaji moramu, na watu waliingia shimoni na sepeto kutafuta riziki. Tuliwazika, tukalia. Lakini kwa kila anayekufa shimoni wapo wengi wanaorudi nyumbani hai wakiwa na kiuno kisichopona, na hao hawahesabiwi na mtu. Upagazi haukuisha reli ilipofika Arusha mwaka 1929. Ulibadilisha sura tu: mbeba viroba sokoni, kibarua wa zege, dereva wa bodaboda anayekaa kwenye mtikisiko mchana kutwa, mtoto mwenye dumu la maji. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Hiyo ni theluthi mbili ya mzigo wa mpagazi wa Kimemeta, na tunaiweka kichwani kwa binti wa darasa la tano.

Basi kairopraktiki ina nafasi gani? Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, na hakuna tatizo jingine linalolemaza watu wengi zaidi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo. Linapendekeza elimu ya kujitunza, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, na baadhi ya tiba za mikono, ikiwemo kunyoosha pingili na kuchua. Halipendekezi mikanda ya kiuno wala mashine za kuvuta mgongo. Kwa hiyo mtaalamu aliyesomea kairopraktiki anaweza kumsaidia mtu mzima mwenye mgongo unaouma, kama fiziotherapia inavyosaidia. Anayedai kutibu kwa njia hiyo pumu, kisukari au kulia kwa mtoto mchanga anadai asichoweza kukithibitisha. Mwaka 2019 bodi ya kairopraktiki ya Australia yenyewe iliwazuia wataalamu inaowasimamia kunyoosha pingili za watoto walio chini ya miaka miwili, hadi usalama wa jambo hilo uchunguzwe. Mzazi wa Moshono ana haki ya tahadhari hiyohiyo.

Na zipo dalili zisizongoja mkandaji wala mtaalamu wa kunyoosha: ganzi ya miguu au sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, homa za jioni na jasho la usiku, kupungua uzito, na maumivu baada ya kuanguka au ajali. Bibi ambaye mifupa yake imedhoofika kwa uzee asisukumwe shingo wala mgongo kabla ya kupimwa. Hao wote njia yao ni Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Nkoaranga, au kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa familia nyingine, kazi inaanza nyumbani. Uliza maji mnayokunywa yanatoka chanzo gani na yamepimwa lini. Punguza magadi. Mpe mtoto dumu dogo, na kaka asaidie kuchota kama dada. Wanaokaa ofisini watembee, wanaobeba wapumzike. Mkande aliyechoka, kwa mikono inayojua mipaka yake. Ukiwa na fedha za kumwona mtaalamu, mwulize alisomea wapi, amesajiliwa na nani, na ni wagonjwa gani asiowagusa. Akishindwa kukujibu hilo la mwisho, ondoka.