Jiko la Kambi

Katika miaka yote niliyoshika chaki sikumbuki kumwambia msichana hata mmoja kwamba miguu yake ingeweza kumnunulia kiwanja. Wavulana niliwaambia. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, sisi walimu vijana tulitembea na jina lake mdomoni, na kila mvulana mwenye pumzi nzuri alisimuliwa habari zake mstarini asubuhi. Msichana mwenye pumzi nzuri aliambiwa kwamba anakimbia vizuri. Kisha alitumwa maji.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mjukuu wangu, ambaye anacheza netiboli na anasomea biashara, alikuja likizo hapa Mpemba akaniuliza, "Babu, hivi michezo na biashara vina undugu?" Nilianza kumjibu kwa kumsimulia habari za mwanamke mmoja wa Iten, Kenya. Jibu likawa refu kuliko alivyotaka, akasinzia kwenye mkeka. Basi nimeliandika hapa kwa ajili ya wale wasiosinzia.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Katika Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800. Baada ya mbio zile magazeti yalipiga kelele kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa adha kama ile, na mbio hizo zikafutwa kwa wanawake hadi Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Marathoni ya Olimpiki kwa wanawake haikuwapo mpaka Los Angeles mwaka 1984. Nikisoma habari hizo huwa nacheka kidogo, maana hao waliokuwa wakijadili kama mwanamke aweza kukimbia mwendo mrefu hawakuwahi kumwona mama yangu akipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Mama hakuwa na saa ya kupimia muda, lakini hakuchelewa hata siku moja.

Hapa kwetu Afrika Mashariki walikuwapo waliotangulia. Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Kenya iliwapeleka wanawake wake wa kwanza kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Lakini tangu Mexico hadi Pauline Konga alipopata medali ya fedha ya mita 5000 kule Atlanta mwaka 1996, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya, ilipita miaka 28. Katika miaka hiyohiyo wanaume wa Kenya walijaza kabati.

Mlango wa pili ulikuwa wa fedha, na huo ulifungwa kwa wote. Mwanariadha wa zamani alikuwa wa ridhaa, na aliyepokea malipo aliweza kufungiwa. Mwaka 1982 ndipo shirikisho la riadha la dunia lilipokubali wakimbiaji wawekewe fedha katika mfuko maalumu, na zawadi za fedha katika mashindano ya dunia zilianza kutolewa mwaka 1997. Bayi alikimbia siku zake bora kabla ya hapo. (Shule alizokuja kuzijenga Kimara na Kibaha ni ushahidi kwamba mtu aweza kufika kwa njia nyingine, lakini hiyo ni hadithi yake.) Mbio za barabarani za Marekani na Ulaya ndizo zilizofungua mfuko kwanza. Tegla Loroupe aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1994, wasichana wengi wa Bonde la Ufa waliona kwa mara ya kwanza kwamba kukimbia kwaweza kuwa kazi ya mtu mzima.

Mwanamke wangu wa Iten ni wa kizazi hicho. Jina lake ni Lornah Kiplagat. Alizaliwa mwaka 1974, mwaka uleule wa rekodi ya Bayi, huko Kabiemit katika nchi ya Wakeiyo. Katika jamaa yake alikwisha kutangulia Susan Sirma, aliyepata medali ya shaba ya mita 3000 katika mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 1991, kwa hiyo msichana huyu hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Alishinda marathoni ya Los Angeles mwaka 1997, akairudia mwaka 1998, na mwaka 1999 akashinda ya Amsterdam.

Wakimbiaji wengi wakipata fedha za namna hiyo hununua gari kwanza. Siwalaumu, hata mimi nilipopata kiinua mgongo jambo la kwanza lilikuwa redio kubwa. Yeye na mumewe, Mholanzi Pieter Langerhorst, walichukua fedha za mbio wakajenga kambi pale Iten, mji ulio kwenye mwinuko wa meta 2400 hivi, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa imefunguliwa.

Kwa nini kambi? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Iten haikuwa na upungufu wa riadha. Shule ya wavulana ya St. Patrick's ilikuwa imekwisha kujulikana duniani chini ya Bruda Colm O'Connell, aliyefika pale mwaka 1976. Kambi za mazoezi zilikuwapo pia, lakini zilikuwa kambi za wanaume. Msichana aliyeingia humo alikimbia asubuhi pamoja nao, na waliporudi wanaume walilala, naye akaenda kupika, kufua na kuosha vyombo. Sasa, kila mwalimu wa michezo anajua kwamba mwili haujengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka wakati wa kupumzika baada ya kukimbia. Msichana yule hakuwa dhaifu kuliko wenzake, ila alikuwa anaibiwa usingizi. Lornah alikuwa ameyaonja hayo, akataka pawe na mahali ambapo msichana atakula chakula alichopikiwa na mtu mwingine, alale mchana, kisha akimbie tena jioni bila mtu kumwita jikoni.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa zamu katika kambi ya mashindano ya shule za msingi. Sitataja shule wala mahali, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tulikuwa na wanafunzi kama arobaini, na fedha za mpishi hazikutosha. Nikasema, bila kufikiri hata dakika moja, "Wasichana watasaidia jikoni." Hakuna aliyepinga. Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja wa darasa la saba, mwembamba, mwenye hatua ndefu, ambaye katika mchujo aliwaacha wenzake karibu nusu ya mzunguko. Siku ya fainali ya mita 1500 aliamka saa kumi usiku kuwasha moto wa uji. Ugali wa mchana aliusonga yeye, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na nguvu. Saa tisa akaingia uwanjani pekupeku, akaongoza mizunguko miwili, akapitwa, akamaliza wa nne. Waliokwenda mkoani walikuwa watatu. Mimi nilimwambia, "Ungejitahidi kidogo tu, binti." Akaitika, "Ndiyo, mwalimu," akaenda kuosha masufuria.

Turudi Iten. Kambi ya wasichana peke yake haiwezi kujilisha, maana msichana asiye na medali hana cha kulipa. Ujanja wa kibiashara ulikuwa kumtafuta mwenye cha kulipa. Wazungu walikuwa wanataka kukimbia kwenye hewa nyembamba ya Iten, ambayo huuzoeza mwili kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Wakafika wakimbiaji wakubwa, Mo Farah wa Uingereza akiwa mmojawapo, wakafika na watu wa kawaida wenye vitambi wanaojiandaa kwa marathoni ya mjini kwao. Walilipia kitanda, chakula, bwawa na ukumbi wa mazoezi, na malipo yao yakasaidia kuwabeba wasichana. Hewa ile ilikuwapo tangu dunia iumbwe na hakuna aliyekuwa ameitoza mgeni hata senti. Tena tazama jiko: kazi ileile aliyofanyishwa msichana bure imekuwa ajira ya mshahara.

Wala hakuacha kukimbia ili afanye biashara, alifanya vyote. Mwaka 2003 alichukua uraia wa Uholanzi, na walikuwapo Wakenya waliosema ameuza nchi. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa kilometa 20 kule Debrecen. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, katika joto lililomshinda hata Kenenisa Bekele, aliyeacha mbio za wanaume njiani. Katika mbio za wanawake huyu binti wa Keiyo, amevaa rangi ya chungwa ya Uholanzi, alimshinda Tirunesh Dibaba wa Ethiopia mbele ya watu wa nchi aliyozaliwa. Oktoba mwaka huohuo, mjini Udine, alishinda nusu marathoni ya dunia kwa saa 1 dakika 6 na sekunde 25, rekodi iliyodumu hadi Mary Keitany alipoivunja mwaka 2011. Mwaka 2008 akashinda tena kule Rio de Janeiro. Ama suala la uraia, mimi naona mtu apimwe pia kwa mahali anapolaza matofali yake, na ya kwake aliyalaza Iten.

Lakini nisimdanganye mjukuu wangu kwa hadithi tamu. Katika mji huohuo wa Iten, Oktoba 2021, Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, alikutwa nyumbani kwake ameuawa kwa kuchomwa kisu. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameweka rekodi ya kilometa 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishitakiwa kwa mauaji, akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alikufa hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume waliyekuwa na uhusiano. Habari zilizotoka zilisema palikuwa na ugomvi juu ya kiwanja alichojenga karibu na mahali pa mazoezi. Kwa hiyo nilipomweleza mjukuu wangu habari za kambi, nilimweleza na habari za hati: jina la nani limeandikwa, na nani anashika kitabu cha benki wakati mkimbiaji yuko safarini. Msichana akikimbia, watu hujitokeza wengi kumtunzia fedha.

Binti wa mita 1500 sikumwona kwa miaka mingi. Nikaja kumkuta Tunduma, nilipokwenda kununua mahindi ya chakula mwaka ambao mvua ilitukimbia. Ni mama mzima sasa, ana ghala, ana mizani mbili, ana vijana wanaomwita "bosi" na wanaoshusha magunia wakati malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni nje. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniagizia kiti na soda. Tukaongea habari za bei, za watoto wake, za wenzake waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kulisema lile jambo la jiko, na kila nikilifikia naliruka. Mwishowe nikasema, "Siku ile ya fainali, nilikuonea."

Akanyamaza kidogo, akitazama mizani. "Walikuwa arobaini na mbili, mwalimu," akasema. "Nilikuwa nahesabu sahani."

Alinipimia magunia mawili. Nilitaka kulipa bei kamili, naye hakunizuia. Alizihesabu fedha noti kwa noti, akaandika stakabadhi, akaipiga mhuri wenye jina lake.