Professor Jay na shule ya Hard Blasters

Mwaka 2001, Tanzania ikiwa imetoka kwenye uchaguzi mkuu mwaka uliotangulia, redio zilianza kupiga "Ndio Mzee". Ndani ya wimbo huo mwanasiasa anasimama mbele ya umati na kumwaga ahadi, kila moja kubwa kuliko iliyopita, na umati unaitikia ndiyo kwa kila neno. Watu wazima waliokuwa wakiiona rap kuwa kelele za wahuni walisikiliza mpaka mwisho, maana mwanasiasa yule walimjua vizuri. Aliyeuimba alikuwa Joseph Haule, Professor Jay.

Wengi wanaosimulia habari zake huanzia hapo, nami naona wanaruka sura iliyomjenga. Haule alijiunga na kundi la Hard Blasters mwaka 1994. Jina lake la kisanii lilikuwa Nigga Jay, na wenzake walikuwa Fanani na Big Willy. Rap ya Dar es Salaam ilikuwa bado inatafuta sauti yake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini rapa Saleh J alishaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa juu ya mdundo wa Kimarekani, lakini Kiingereza kilikuwa bado na heshima kubwa vijiweni, na kundi maarufu la Kwanza Unit lilichana kwa lugha zote mbili. Mwaka huohuo wa 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, na vijana wakapata stesheni iliyokuwa tayari kuwasikiliza.

Kundi lina nidhamu yake. Wimbo mmoja mnagawana, na kila mtu ana beti zake chache za kusema alichonacho kabla hajampisha mwenzake. Anayezungukazunguka husahaulika, anayekumbukwa ni yule aliyeingia moja kwa moja kwenye kisa. Haule alikaa kwenye darasa hilo kwa miaka sita kabla albamu ya kundi, "Funga Kazi", haijatoka mwaka 2000. Wimbo mkubwa wa albamu hiyo, "Chemsha Bongo", uliwataka vijana watumie akili katika maisha ya mjini, kwa Kiswahili ambacho mama muuza vitumbua na mwanafunzi wa chuo wote walikielewa. Kwangu mimi, pale ndipo hip hop ya Tanzania ilipopata wasikilizaji wasio vijana.

Baada ya hapo akaanza safari ya peke yake, na jina la zamani akaliacha. Albamu ya "Machozi, Jasho na Damu", aliyoitengeneza na prodyuza P-Funk Majani wa Bongo Records, ilitoka 2001, na "Ndio Mzee" ikiwemo. Ukiisikiliza leo utaona ujuzi uleule wa kundini, ila sasa zamu zote ni zake: anavaa uhusika, anausema kwa sauti yake, kisha anauacha umati umjibu. Kizazi kilichokariri ngonjera shuleni hakikuhitaji kufafanuliwa mtindo huo. Baadaye, kwenye "Zali la Mentali" aliyomshirikisha Juma Nature, akawa kijana fukara anayependwa na mwanamke tajiri, na nchi nzima ikamfuata tena.

Albamu nyingine zilifuata, zikiwemo "Mapinduzi Halisi" na "J.O.S.E.P.H.", lakini hatua iliyoshtua zaidi ilikuwa ya mwaka 2015. Sugu, mkongwe mwenzake wa rap, alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Sasa Haule naye aligombea ubunge wa Mikumi, mkoani Morogoro, kwa tiketi ya Chadema, akashinda. Ilihitaji ujasiri. Mtu aliyewafundisha wapigakura kupima ahadi za jukwaani alipanda jukwaa hilohilo kuomba kura zao, huku wimbo wake wakiujua kwa moyo. Alikaa bungeni muhula mmoja, akashindwa katika uchaguzi wa 2020.

Mwanzoni mwa 2022 alilazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili akiwa mahututi. Wasanii, wanasiasa wa vyama vyote na mashabiki walichangishana, na Serikali ikabeba gharama za matibabu. Alipona taratibu baada ya muda mrefu kitandani. Mwaka 2023 alizindua taasisi yenye jina lake, na kazi aliyoipa ni kuwasaidia wagonjwa wa figo, ugonjwa uliokuwa nusura umwondoe yeye mwenyewe.