Kijiji Kilichozama na Sinema za Kutisha

Msomaji wangu, ukitoka mji wa Homa Bay ukafuata njia ya upande wa mashariki, utafika Kendu Bay. Si mbali na hapo liko ziwa dogo la mviringo, lenye maji ya chumvi yaliyogeuka rangi ya majani mabichi, ambalo heroe hulijia kwa makundi. Jina lake ni Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama.

Wajuzi wa miamba husema ya kuwa shimo la ziwa hilo lilifanywa na mlipuko wa volkano. Wazee wa Kiluo husimulia habari nyingine. Palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa katika ngoma na pombe. Akaja bibi kizee, amechoka, akaomba chakula na pahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, na huyo ndiye aliyeonywa aondoke upesi. Kisha mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, na ngoma ikanyamaza chini ya maji.

Nakupa kisa hiki kwa sababu iko aina ya sinema ambayo vijana huipenda sana, na yamkini wewe ni mmoja wao: sinema za kutisha zinazochanganya historia ya kweli na ngano za wazee. Mjapani Masaki Kobayashi alifanya hivyo mwaka 1964 katika Kwaidan. Mwaka 2015 Robert Eggers, Mmarekani, alitoa The Witch, habari ya jamaa moja ya walowezi wa Kiingereza huko Marekani katika miaka ya 1630. Maneno mengi ya wachezaji yalitolewa katika maandishi ya zamani zile zile, na mavazi na nyumba vilifanywa kwa uangalifu mkubwa. Lakini mwituni mna mchawi, naye ni mchawi kweli kweli. Hapo ndipo mimi, mwalimu wa historia, husita. Katika nchi hiyo hiyo, huko Salem mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa shitaka la uchawi, na hatia yao haikuwa ila hofu ya jirani zao.

Usidhani mambo hayo ni ya mbali. Mwezi wa Mei 2008, katika nchi ya Kisii inayopakana na Migori na Homa Bay, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa kudhaniwa wachawi.

Sasa rudi Simbi utazame tena. Bibi kizee ndiye aliyedhulumiwa. Ubaya umo ndani ya kijiji, kati ya wachezaji wa ngoma. Na si Simbi peke yake. Huko Gwassi, kando ya ziwa kubwa, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini aliyenasa bibi kizee katika wavu wake. Alimchukua nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe. Kisha, akiwa amelewa, akamtukana. Bibi akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Nyamgondho alisimama ameegemea fimbo yake akitazama, hata akageuka mti. Mtengeneza sinema atakayezipindua ngano hizi, akamfanya bibi kizee kuwa ndiye jini, ataharibu ngano na historia kwa pigo moja.

Wala hana haja ya kufanya hivyo, maana pahali pa kutisha papo tayari. Katika Migori kuna maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, na jina lenyewe katika Kiluo lataja mwitu mzito wa kuogofya. Kuta zake, ambazo zapata mita 1.5 hadi 4.5 kwenda juu, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, yamkini katika karne ya 16. Jamaa za Kibantu na za Kiniloti zilikaa humo kwa zamu, watu na mifugo yao wakijilinda. Malango ni mafupi. Mgeni huingia ameinama. Mwaka 2018 UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi huko. Kijana mmoja, ambaye alikuwa ametazama sinema nyingi kupita kiasi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mchawi wao alikaa upande gani?"

Nikamwongoza mpaka penye mwamba uliochongwa vishimo kwa safu, nikamwambia akae. Lilikuwa bao. Alilitazama kitambo, akapitisha kidole katika shimo moja baada ya jingine, kisha akaanza kuokota vijiwe vya kete.